"Ofisini hamjambo?"

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 29, nauza makoti ya mitumba katika soko la Owino, Kampala. Nikifungua robota, koti zuri navaa mwenyewe. Nilipokwenda Masaka kwa kina mchumba wangu, baba yake, polisi mstaafu, aliitazama tai yangu akauliza kwa Kiswahili: 'Ofisini hamjambo?' Nikajibu: 'Hatujambo.' Mchumba wangu anaujua ukweli, ila anasema niache hivyo hivyo. Kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kutambulishwa ukweni, ni mwezi ujao, na marafiki wanataka tukodi magari manne. Je, mimi ni tapeli? – Mwana wa Kambini, Bombo."

Marahaba, mwanangu. Koti halina kosa. Nani haendi ukweni amejipamba? Kwanjula yenyewe ni mchezo unaojulikana na wote: utakaa kimya na kanzu yako katikati ya wenzako, wasemaji wa pande mbili watabishana na kutozana faini za kuchelewa, na ssenga, shangazi wa mchumba wako, atazunguka "akikutafuta" hali anakujua vizuri. Hapo hadanganywi mtu. Gari kodi moja la kuwabeba wazee. Mengine yatamfaidi mwenye magari tu.

Kinachonisumbua ni lile neno moja. Hukusema una ofisi, lakini ulipokaribishwa ndani yake ukaketi. Wala usidhani mzee aliridhika na neno. Mwanasosholojia Erving Goffman aliishi visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Scotland, kati ya 1949 na 1951. Aliandika habari za mke wa mkulima mmoja huko, ambaye akimpa mgeni chakula cha kienyeji alizisikiliza sifa zake kwa tabasamu la adabu, huku akitazama kijiko kinakwenda mdomoni kwa kasi gani. Maneno tunayachagua, kijiko hutuponyoka. Sasa polisi mzima asione chako? Mtu wa ofisi hageuzi pindo la koti la mwenzake kuangalia bitana. Wewe uligeuza, nina hakika. (Marehemu mume wangu alikuwa fundi cherehani, nawajua watu wa nguo.)

Tena Owino si kichakani. Wachuuzi wa Masaka huja kununua hapo. Siku jirani yao atakapokukuta juu ya meza unanadi makoti, atakayefedheheka ni mzee aliyekwisha watangazia wenzake kuwa mkwe wake ni mtu wa ofisi.

Usimfuate mzee moja kwa moja, wala usingoje siku yenyewe. Msemaji wao anaweza kuuliza kazi yako mbele ya watu. Nendeni wawili kwa ssenga. Mwambie: "Mzee aliniuliza habari za ofisini, nikaona haya kumsahihisha. Nina meza Owino, nauza makoti." Basi. Usijikweze wala usijililie. Meza za Owino zimesomesha watoto wengi.

Mchumba wako naye, muulize polepole anamwonea nani haya. Jibu hilo lisikie kabla hujakodi hata gari moja.

Ssenga akikuomba koti la mumewe, mpunguzie bei. Lakini alipe.