Sina friji ya kuchachushia: bia gani nitengeneze sasa?

SWALI: Mimi ni mpishi wa hoteli huku Paje, Zanzibar, kwetu ni Moshi. Nimetengeneza bia ya nyumbani mara moja, lita 10, kwa kimea cha kopo na hamira iliyokuja nalo. Povu lilitoka na ulevi ulikuwamo, lakini ilinuka tina ya rangi na siku ya pili kichwa kiliuma. Sasa nataka laga nyepesi kama za dukani. Rafiki yangu ananiambia nianze na stauti, ile bia nyeusi, mwengine anasema bia ya ngano. Chumba changu hakina kiyoyozi. Nichague ipi?

JIBU: Ndugu yangu, laga iache kwanza. Hamira ya laga inataka nyuzi 8 hadi 13 za sentigredi, kisha bia ilale kwenye baridi wiki kadhaa. Pilsna, laga ya rangi ya dhahabu, ilipozaliwa kule Plzeň, Ucheki, mwaka 1842, mapipa yalikaa mahandakini, na huko hata kiangazi kuna ubaridi. Wewe uko Paje. Bila friji yenye kidhibiti joto, na umeme usiokatika, utapata bia chafu tu yenye jina la laga.

Ile harufu ya tina inanieleza mengi. Hamira nyingi za kopo ni za nyuzi 18 hadi 22. Chumba chako msimu wa Kaskazi kinafika 30, na ndani ya ndoo huongezeka nyuzi tatu nne, maana hamira ikifanya kazi inatoa joto lake yenyewe. Ikipata joto kubwa kuliko inavyolimudu, hutoa vilevi vikali na harufu za tina, na hivyo haviondoki hata ukiihifadhi bia miezi. Kwa hiyo usianze na swali la aina gani ya bia. Weka kipimajoto chumbani, soma mchana na usiku, halafu tafuta hamira inayolipenda joto hilo. Aina ya bia itajileta.

Hamira inayokufaa ipo, nayo inatoka Norwei, nchi ya baridi, jambo linalonichekesha kila nikiitaja. Inaitwa kveiki. Wakulima wa huko waliirithishana, wakiikausha na kuitunza kutoka pombe moja hadi nyengine, na walizoea kuitia kwenye maji ya kimea yakiwa bado na moto. Ile ya eneo la Voss inafanya kazi vizuri kwenye nyuzi 30 hadi 40, na kwa joto hilo bia inatoka safi, na harufu ya chungwa kwa mbali. Inauzwa kavu kwenye pakiti. Agiza, ukiipata itie kwenye friji ya jikoni.

Kuna faida nyengine ambayo vitabu vya Ulaya havitakwambia. Maji ya bomba letu yana nyuzi 27 au 28, kwa hiyo kuliteremsha sufuria la moto hadi 20 kunakula barafu ya ndoo nzima. Kwa kveiki unaliweka sufuria kwenye beseni la maji, likifika 35 unatia hamira, basi.

Tengeneza bia nyepesi ya rangi ya dhahabu. Kwa lita 10, chukua kilo 1.3 ya unga wa kimea cheupe na gramu 15 za hopsi, yale maua yanayotia bia uchungu, zenye uchungu wa wastani, yaani asidi ya uchungu asilimia 5 hivi, uzichemshe saa nzima. Haidromita, kipimo cha kuelea kinachoonyesha sukari iliyomo, itasoma karibu 1.048 kabla ya kutia hamira, na bia ikiiva itakuwa na kilevi kama asilimia 5. Kveiki inakula haraka, mara nyingi siku tatu hadi tano, lakini inataka lishe: tia kidogo chakula cha hamira, hasa kwenye bia nyepesi kama hii. Hamira ya mandazi usiijaribu. Itachachusha, ndiyo, lakini haitulii chini na bia itabaki na ladha ya mkate.

Rafiki yako wa stauti ana hoja, tena nzuri. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya chokaa, na ile gamba nyeupe kwenye birika lako ndiyo chokaa yenyewe. Shayiri iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi ina uchachu unaopunguza nguvu ya chokaa kwenye maji ya namna hiyo. Ndiyo sababu bia nyeusi ilistawi Dublin, penye maji magumu. Lakini hilo lina uzito zaidi ukishaanza kuloweka nafaka mwenyewe. Kwa unga wa kimea, tumia maji ya dumu la dukani. Visima vya ukanda wa mashariki vingi vina chumvi, viache kabisa.

Bia ya ngano ya Kijerumani ingoje Kipupwe, Juni hadi Agosti, ndoo ikae kwenye beseni la maji na taulo mbichi. Itakufurahisha: inanukia karafuu na ndizi mbivu wala hakuna karafuu wala ndizi iliyotiwa, ni kazi ya hamira tu. Joto likizidi, ndizi inaimeza karafuu.

Usijaze chupa mpaka haidromita isome namba ileile siku tatu mfululizo. Sukari ya kuleta gesi chupani ni gramu 6 kwa lita, ipime kwa mizani, si kwa kijiko. Kwa joto letu chupa dhaifu hupasuka kweli, kwa hiyo anza na chupa za plastiki za soda. Ukiibonya ikawa ngumu kama jiwe, gesi imetosha, itie friji.

Na harufu ya kimea kinachochemka inavuka ukuta. Kama umepanga nyumba moja na watu wasiotumia pombe, waombe radhi mapema au chemshia kwengine, na Ramadhani acha kabisa. Kuiuzia hoteli yako ni habari nyengine: huko kuna leseni na kodi, usiguse bila hizo.

Pakiti moja ya Voss inatosha lita 20, kwa hiyo nusu ya pili ifunge vizuri, uitie friji, uitumie kwa pipa linalofuata.