Jina la mwanamke kwenye muamala

Mwanangu Zuhura,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, ya tatu nikiwa nimeshafunga kibanda, maana mle ndani umetaja mambo yasiyofaa kusikika mbele ya wateja. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza.

Umeuliza kama baba Nasra anakudanganya. Anasema Jumatatu saa tano alipigiwa na mtu aliyejitambulisha kuwa mwalimu, kwamba Nasra ameanguka kwenye ngazi, kichwa kimepasuka, yuko hospitali. Halafu akapewa "daktari" aliyesema kuna dawa haipo pale, inanunuliwa nje, laki tatu na themanini. Akatuma. Nasra muda huo alikuwa darasani anakula karanga. Wewe unasema mtu mwenye akili zake angepiga kwanza shule, na kwamba jina lililotokea kwenye muamala ni la mwanamke.

Nianze na hilo jina. Na nikianza hapo itabidi nikusimulie lililonipata mimi. Nilikuwa nimeapa kutolisimulia.

Unakumbuka mwaka 2015 kibanda kilikuwa bado pale karibu na stendi, upande wa wauza machungwa. Ilikuwa mchana, baada ya adhuhuri, jua kali, hakuna mteja. Simu yangu ya kawaida ikaita. Kijana, sauti laini, ana adabu, ananiita mama. Alijua jina la kibanda na namba yangu ya uwakala. Nikasema moyoni, huyu ni wa kampuni kweli. Siku ya pili ndipo nilipokumbuka kwamba hivyo vyote nimeviandika mwenyewe kwa wino mwekundu na kuvibandika ukutani, ili wateja wavione wakitoa hela! Abiria yeyote wa basi angeweza kuvisoma dirishani.

Akasema mtambo unaboreshwa, laini ya wakala isiyohakikiwa itafungwa saa kumi jioni. Nisikate simu. Akaniuliza salio langu linasoma ngapi, aone kama mtambo wake unasoma sawasawa. Nikamwambia 743,200. Akasema, "Sahihi kabisa mama, hata huku inasoma hivyohivyo." Ujinga mtupu, si mimi niliyemtajia?

Kisha akasema nichukue kitochi cha uwakala, nifanye kama namwekea mteja hela, ila hili ni jaribio, haliendi popote. Akanitajia namba ya simu. Nikabonyeza. Akanitajia "namba ya uhakiki": saba, nne, sifuri, sita, moja, tano. Kwenye kioo palikuwa pameandikwa *Weka kiasi*. Niliona, Zuhura. Sitakudanganya kwamba sikuona. Kazi ile nilikuwa naifanya mara hamsini kwa siku. Tulipofika kwenye namba ya siri akasema: "Hapo mama usinitajie. Namba ya siri ni yako peke yako, hata mimi siruhusiwi kuijua."

Hapo ndipo aliponimaliza. Kwenye semina zote tulifundishwa kwamba tapeli ni yule anayeomba namba ya siri. Huyu ananikataza kuitaja! Nikaiweka mwenyewe, kwa kidole changu, na ahsante nikamwambia.

740,615. Mpaka leo ile mia sita na kumi na tano ndiyo inayoniuma. Mwizi gani anaiba na shilingi kumi na tano? Lakini ndiyo iliyofanya ifanane na namba ya uhakiki; angesema laki saba kamili ningeshtuka. Nilipowapata huduma kwa wateja, hela ilishatolewa. Kwenye muamala likabaki jina la mwanamke, majina yote matatu. Mama huyo nilimlaani kila sala kwa miaka minne.

Mpaka ulipokuja usajili wa laini kwa alama za vidole, ule wa 2019 ulioishia Januari 2020, foleni mpaka barabarani. Kijana wa usajili alimshika bibi yako kidole, akasema hakijasoma, weka tena. Akaweka tena. Baadaye ilipokuja ile *106# ya kutazama namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, Hamisi akamwangalizia: laini mbili. Bibi yako ana simu moja, na hiyo moja anaizima usiku ili betri isichoke. Ile ya pili tuliifungisha, lakini nilikaa nikawaza: ingetumika kuibia mtu Mbeya huko, jina ambalo lingetokea ni la bibi yako. Naye angelaaniwa. Basi yule mama yangu wa 2015 nikaacha kumlaani. Hivyo jina la mwanamke kwenye muamala wa mumeo mimi halinionyeshi mwanamke. Linanionyesha laini tu.

Ila naye asijifiche nyuma ya maneno yangu. Mimi nipo kibandani, nawaona wanaume. Wapo wanaotuma hela mahali wanapokujua wao, halafu wananiuliza, "Mama, nyumbani nitasema nini?" Siku hizi jibu wanalo: nimetapeliwa. Zamani walikuwa wanaibiwa kwenye daladala.

Hela haina haraka, nimewaambia tangu mko wadogo, mwenye haraka ni mtu. Ukisikia hela ina haraka, kata simu, kunywa maji, kisha piga wewe kwa namba unayoijua wewe. Hata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unafanya kazi hivyohivyo: wanautuma kwa watu wengi, na miongoni mwao hakosekani aliyekuwa njiani kumtumia mwenye nyumba kodi. Anaona aibu amechelewa, anatuma. Na wale wa "nimekosea, nirudishie", usirudishe kwa mkono wako. Ukisharudisha naye anaomba kampuni imrudishie, umetoa mara mbili. Mwambie apige huduma kwa wateja. Ujumbe wao upeleke 15040, namba ya kuripotia matapeli, halafu futa.

Lakini nikiandika hivi najisuta. Hela haina haraka, sawa. Mtoto mwenye damu kichwani je? Wewe ulipomeza shilingi ukiwa na miaka mitatu, baba yako, Mungu amrehemu, alikimbia na wewe mpaka zahanati peku, na viatu vilikuwa mlangoni. Hakuuliza wala hakupiga popote. Yule angepigiwa simu aliyopigiwa mumeo angeuza na baiskeli. Kwa hiyo unaposema mwenye akili angepiga shule kwanza, sijui. Unamsema baba yako pia.

Sasa sehemu ambayo sikutaka kuiandika. Ile hela ya kibanda ilikuwa kiinua mgongo cha baba yako. Jioni ile aliponiuliza mbona leo hutoi hela, nikasema nimemkopesha mjomba wako Athumani. Ndiyo, mimi. Niliona heri niitwe mke mtoa hela kwa ndugu zake kuliko niitwe mjinga. Nilifikiri nitaifidia kwa kamisheni kidogokidogo, haikufika popote. Na ile Idi unayoikumbuka, sahani za pilau ziliporuka, chanzo ni hicho. Baba yako alimdai mjomba wako mbele ya watu. Mjomba wako akaniangalia, nami nikaangalia chini. Umekuwa ukiuliza kwa nini hakuja kwenye harusi yako.

Usiku ule nilimwambia baba yako yote. Alikaa kimya kitandani, nikajua leo ni talaka. Kisha akauliza, "Na ile mia sita na kumi na tano ulimpa ya nini?" Akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa ananiita Mia Sita mpaka anakufa. Nyie mlidhani ni mambo ya mapenzi. Mjomba wako nilimfuata Muheza kumwomba radhi. Alisema amesamehe. Lakini tangu siku hiyo hajawahi kuniomba hata kibiriti.

Kwa hiyo swali lako silijibu. Ulimi unaniwasha, maana la kusema kuhusu baba Nasra ninalo na nilikuwa nalo tangu posa, lakini silisemi. Najua tu kwamba mimi niliyetapeliwa ndiye niliyesema uongo, tena uongo wangu ulikuwa na sura nzuri zaidi kuliko ukweli. Wa kwake una sura mbaya sana kuwa wa kutunga. Au ndiyo maarifa yenyewe? Sijui, mwanangu, hapo nazunguka tu.

Usimuulize tena kuhusu hela. Mkiwa mmetulia, muulize sauti ya yule mwalimu ilikuwaje, na ni neno gani lililomfanya atume. Mimi yule kijana wangu hata leo nikimsikia sokoni nitamjua. Alikuwa akimaliza sentensi anavuta pumzi kidogo, kama mtu aliyepanda ngazi.

Ada ya Nasra nina laki moja hapa. Nitaituma Alhamisi, na kabla ya kuituma nitakupigia, tusemezane kwanza. Ukiniandikia namba mpya ya kupokelea sitatuma, hata ukilia.

Mama yako.