Taa Haiingizi Maji, Mbona Inakataliwa?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni msaidizi wa fundi umeme katika kiwanda cha rangi. Kwenye chumba cha kuchanganyia, ambako madumu ya thina hufunguliwa kutwa nzima, taa moja imekufa. Ni ile ya chuma kizito yenye bolti nane, na ya kuibadilisha haijafika. Stoo ipo taa nyingine safi, IP66, ina raba kuzunguka kioo, hata uimwagie maji kwa mpira haiingii tone. Nilipotaka kuifunga, mkaguzi alikataa na kunifokea mbele ya wenzangu. Kama maji hayapiti, mvuke utapita wapi? Isitoshe, ile ya zamani kwenye kifuniko haina hata raba!

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kukufokea mbele ya watu alikosea. Kuikataa taa hakukosea.

Hizo 6 mbili, ya kwanza ni ya vumbi na ya pili ni ya maji. Mvuke haumo. Halafu taa hupumua. Ikiwaka, hewa ya ndani hupata joto, hutanuka na kujipenyeza nje. Ukiizima jioni inapoa, na inavuta hewa ya chumbani. Hewa ya chumba chako ni thina. Siku waya utakapolegea kwenye kiungio, cheche moja inatosha. Toluini, ambayo hupatikana katika thina nyingi, ikifikia kama asilimia 1.1 tu ya hewa tayari inaweza kulipuka. Kioo kitaruka na moto utatoka kukutana na mvuke uliojaa chumba.

Waliounda ile ya chuma walikubali mapema kwamba mvuke utaingia, na kwamba iko siku utalipuka humo humo ndani. Ganda limeundwa lihimili kishindo hicho bila kupasuka, kisha gesi ya moto itoke kupitia mwanya kati ya mwili na kifuniko. Mwanya wenyewe ni sehemu ndogo tu ya milimita, ila gesi inalazimika kusafiri kwenye upana wote wa ule ukingo, chuma juu na chuma chini. Humo inanyang'anywa joto, na inapofika nje haina nguvu ya kuwasha kitu. Ndiyo maana pale hukuona raba. Ukiitia ya kwako kwa nia njema, umeharibu hesabu yote.

Mimi mwenyewe niliwahi kuumbuka. Nilikuwa nafunga sanduku la swichi la aina hiyo, bolti kumi na mbili, moja ikanidondokea mtaroni. Nikakaza kumi na moja, nikajiambia zinatosha, nani atahesabu? Mzee aliyekuwa ananifundisha kazi akatoa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, akapeleka kimoja pale palipokosa bolti. Kikazama chote kama kisu kwenye siagi. Hakusema neno, alinirudishia spana tu. Nilishinda mtaroni hadi adhuhuri.

Kwa hiyo bolti zote nane zirudi, za ugumu ule ule alioandika mtengenezaji, si ya kuokota. Ukingo usiukwangue kwa bisibisi wala kuupaka rangi, na silikoni inayoganda weka mbali kabisa. Grisi nyembamba isiyoganda, ile aliyoiruhusu mtengenezaji, inatosha. Tundu la kebo lisilotumika lizibwe kwa kizibo kilichoidhinishwa kwa kazi hiyo, si gundi. Usipitishe bomba wala chuma mbele ya mwanya: gesi hupangwa kwa makundi, kuanzia IIA isiyo kali sana hadi IIC iliyo kali kuliko zote; kwa IIA acha milimita 10, IIB 30, IIC 40, la sivyo moto ukitoka unagonga na kupoteza hesabu ya kupoa.

Kwenye kibati cha maelezo cha taa tafuta Ex d, yaani ganda la kuhimili mlipuko wa ndani, kisha kundi la gesi, kisha herufi T, ambayo ni daraja la joto. Thina nyingi huangukia IIA, basi taa ya IIB, iliyoundwa kwa gesi kali zaidi, inafaa. T4 maana yake uso wake hauzidi nyuzi 135 za Selsiasi, lakini kwa balbu iliyoandikwa humo. Ukiweka yenye wati zaidi, T4 hiyo imebaki maandishi tu.

Mpaka taa ifike, kata umeme wa laini hiyo, ifunge kwa kufuli na ufunguo ukae mfukoni mwako. Kona ile wasichanganye kitu. Bosi akilalamika, mwambie aje anione.

SWALI: Sisi tunasaga nafaka, hatuna gesi wala thina. Haya yanatuhusu?

JIBU: Yanawahusu sana. Mwaka 2008 vumbi la sukari lililipuka katika kiwanda cha Imperial Sugar huko Georgia, Marekani, na watu 14 wakafa. Unga nao hulipuka vivyo hivyo. Vumbi likitanda juu ya mota huwa kama blanketi: joto halitoki, na safu ya chini inaanza kufukuta polepole bila moto kuonekana. Mota ziwe za kuzuia vumbi na zenye idhini ya mahali hapo. Lakini kabla ya kununua chochote, wakatazeni vijana kupuliza mashine kwa hewa ya kompresa. Wanapenda kwa sababu ni haraka, ila wanalirusha hewani vumbi lililokuwa limelala. Tumieni mashine ya kufyonza iliyotengenezwa kwa vumbi la kulipuka, na msisahau juu ya maboriti, ambako hakuna anayepanda kuangalia.