Nitajuaje Kama Tiba ya Kutokwa na Mkojo Inanifaa?

SWALI: Assalamu alaykum Daktari. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Wete, Pemba. Tangu nijifungue mtoto wa mwisho, mkojo hunitoka nikikohoa, nikicheka au nikinyanyua ndoo. Hospitali nilifundishwa mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, na shoga yangu akaniletea mizizi ya kuchemsha. Nilianza vyote viwili mwanzoni mwa Ramadhani nikaona nafuu kubwa, lakini baada ya Idi hali imerudi. Kipi kilinisaidia, na je, niendelee?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Nimefurahi kwamba hukuona haya kuuliza, kwani wanawake wengi huishi na tatizo hili kimya kimya, wakihangaikia udhu wao na nguo zao, ilhali tiba zipo.

Kwa ulivyoeleza, hatuwezi kusema kipi kilikusaidia, kwa sababu mambo matatu yalibadilika kwa wakati mmoja: mazoezi, mizizi na saumu yenyewe. Mtu aliyefunga hanywi maji mchana kutwa, kwa hiyo kibofu hakijai kama kawaida, na akikohoa mkojo unaomtoka huwa mchache au hautoki kabisa. Naona saumu ndiyo iliyokupa sehemu kubwa ya ile nafuu, maana mwezi ulipokwisha, nayo iliondoka. Isitoshe, mazoezi haya hayaonyeshi matunda yake kamili kwa wiki nne. Miongozo ya tiba ya Uingereza hutaka yafanywe kwa muda usiopungua miezi 3, mara 3 kwa siku, na kila mara kukaza misuli angalau mara 8.

Ushahidi wa mazoezi ni mzuri. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2018 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalionyesha kwamba, miongoni mwa wanawake wenye tatizo kama lako, takriban 56 kati ya 100 waliofanya mazoezi walisema wamepona, wakilinganishwa na 6 kati ya 100 ambao hawakupewa tiba. Hao 6 tusiwapuuze. Kama wangekuwa wamekunywa mizizi, kila mmoja wao angeisifu mizizi kwa moyo safi, ilhali angepona hata bila ya kuinywa. Ndiyo maana ushuhuda wa shoga yako, ingawa ni mkweli, hautoshi kuthibitisha dawa.

Nakushauri uiweke mizizi kando na uendelee na mazoezi peke yake. Kabla ya kuanza upya, chukua daftari na kwa siku 3 za kawaida, usizofunga, uandike kila unachokunywa na kiasi chake, kila unapokwenda haja ndogo, na kila mkojo unapokutoka pamoja na ulichokuwa ukifanya. Ukiweza kupata mizani ndogo, pima pedi kabla na baada ya kuitumia; gramu moja iliyoongezeka ni takriban mililita moja ya mkojo. Halafu jipe alama kutoka 0 hadi 10 ya kiasi gani tatizo linakuharibia maisha yako. Alama hii usiidharau, kwa sababu mwanamke anaweza kupungukiwa na matone machache tu akaweza tena kwenda harusini bila wasiwasi, na mwingine akapungukiwa na mengi lakini bado akaogopa kutoka nyumbani. Baada ya miezi 3 rudia vipimo hivyo hivyo, ukinywa maji na chai kwa kiasi kile kile, ndipo ulinganishe.

Haya yote yanahusu mkojo unaotoka kwa kukohoa au kunyanyua kitu. Mama ambaye mkojo humchuruzika usiku na mchana bila kukoma baada ya uchungu wa muda mrefu asisubiri daftari wala mazoezi. Huenda ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, nayo kwa kawaida huhitaji upasuaji.

Ikiwa baada ya miezi 3 daftari halionyeshi tofauti, usikate tamaa wala usijilaumu. Rudi hospitali nalo, umwombe mtaalamu ahakikishe kwa kukupima kwamba unakaza misuli inayohusika, kwani wengi hukaza tumbo au makalio bila kujua. Akiridhika kwamba unayafanya sawasawa, muulize kuhusu njia nyingine, ukiwamo upasuaji, na daftari hilo ndilo litakalomsaidia kukuchagulia.