Umepata Chuo Marekani? Mtafute Mkutubi Kabla ya Koti

Wiki iliyopita dada mmoja wa Mbeya aliniandikia. Amepata ufadhili wa shahada ya uzamili Marekani, anaondoka Agosti, na anauliza: "Kaka, koti zito ninunue Kariakoo au nisubiri hukohuko?" Subiri hukohuko, dada yangu. Ila ujumbe ulikuwa mrefu, una kodi ya nyumba, una unga wa ugali, una laini ya simu, na neno maktaba halimo kabisa. Simlaumu. Kwetu maktaba ni kuacha begi mlangoni, kuwahi kiti cha karibu na feni na kusoma madesa uliyokuja nayo. Mkutubi tunamjua kwa kutunyamazisha tu.

Mimi nilikwenda kusoma historia. Nilitaka kuandika kuhusu ushirika wa kahawa Kilimanjaro, ule wa KNCU ulioanza 1933, hasa miaka ya kuelekea uhuru. Profesa mmoja akaniambia mbele ya darasa zima nitafute mada "inayowezekana", kwa kuwa vyanzo vyangu viko Afrika na nauli ya kuvifuata sina. Wenzangu wakacheka. Miaka imepita, na kicheko kile bado kinaniuma, nisiwadanganye.

Jioni ile nikaingia maktaba kwa sababu nje baridi, ndani kuna joto. Mama wa dawati la msaada akaniuliza natafuta nini, nikamjibu kwa hasira, naye akanipeleka kwa mkutubi wa masomo ya Afrika. Sikujua kuna mtu anaajiriwa kwa kazi hiyo! Bwana yule ndiye aliyenifungua macho. Kumbe Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu 1966, inayonunua vitabu, magazeti na ripoti za serikali za kwetu na kuvipeleka kwenye maktaba za Marekani. Chuo cha Northwestern kina maktaba nzima ya Afrika, ya Herskovits, iliyoanzishwa 1954. Na tangu 1963 vyuo vya huko vinachangiana fedha kuhifadhi magazeti ya Afrika kwenye mikrofilamu, yaani filamu zenye picha ndogo sana za kurasa, zinatunzwa Chicago, na chuo chako kinakuazimia. Nilijaza fomu moja mtandaoni. Mikrofilamu zikaja, sikulipa hata senti.

Miezi ya kukodolea macho mashine ya kusomea mikrofilamu naiacha, haina utamu. Tasnifu ilipita, na profesa yule alikuwa kwenye jopo. Alinipa mkono. Nikaupokea, lakini sikuharakisha.

Sasa nisikilizeni. Wiki ya kwanza, ingia tovuti ya maktaba, tafuta jina la mkutubi wa somo lako, mwandikie barua pepe uombe miadi. Usingoje ukwame. Muulize vitabu vya kiada vilivyowekwa akiba kaunta, unavyoazima kwa saa chache, maana kimoja dukani kinaweza kula hela yako ya chakula ya mwezi. Muulize akufundishe Zotero, programu ya bure ya kupanga marejeo. Kule kunukuu ovyo kunaweza kukufukuzisha chuo, na hawajali kwamba kwenu mlizoea kudesa. Kiingereza chako kina lafudhi? Uliza hivyohivyo. Tangu darasa la kwanza tunaimba kuuliza si ujinga, halafu tukifika ugenini tunajifanya tunajua kila kitu, tunafeli kimyakimya na kusingizia ubaguzi. Ubaguzi upo, nimeuonja. Lakini yule anayelipwa mshahara akusaidie umemkimbia mwenyewe.

Na kama kitabu unachokitaka hawana, kuna fomu ya kupendekeza kinunuliwe. Wengi hawaijui. Mimi niliijaza kwa riwaya za Kiswahili, moja baada ya nyingine, mpaka mkutubi akaniomba niwaachie bajeti kidogo Waarabu na Wachina.