Swali la Lugha: Sampuli zilichujwa "na" karatasi au "kwa" karatasi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ni mwanafunzi wa uzamili wa kemia hapa Tengeru, Arusha. Nakamilisha makala kuhusu kuondoa floridi kwenye maji ya kunywa kwa mkaa wa mifupa, na jarida ninalotaka kuipeleka linapokea ikisiri, yaani muhtasari wa makala, kwa Kiingereza na Kiswahili. Ya Kiingereza imepita. Ya Kiswahili wasimamizi wangu wawili wameirudisha: mmoja anataka kila kitu kiwe katika kauli ya kutendwa, mwingine anasema niandike "tulichukua, tulipima". Sentensi iliyozua ubishi ni hii: "Sampuli zilichujwa na karatasi, zilipimwa na elektrodi, na floridi ilipunguka na mkaa kwa miligramu 1.5 kwa lita." Nirekebishe wapi? Na je, vipimo niviandike kwa maneno au kwa alama?

JIBU: Marahaba. Nimefurahi kuona mada yenyewe, maana wakazi wa Maji ya Chai na Ngarenanyuki wanaijua floridi kwa meno ya watoto wao yaliyobadilika rangi. Ikisiri ya Kiswahili ya utafiti kama huu itasomwa na fundi wa maji, mwalimu wa shule ya msingi na diwani. Inastahili uangalifu uleule ulioupa ile ya Kiingereza.

Nianze na "na" na "kwa". Baada ya kitenzi cha kutendwa, "na" humtaja mtenda na "kwa" hukitaja chombo. Karatasi haikuchuja chochote kwa hiari yake. Wewe ndiye uliyechuja, ukaitumia. Kwa hiyo sampuli zilichujwa kwa karatasi na zilipimwa kwa elektrodi, ambayo nayo ni kifaa tu cha kupimia. Usiende mbio ukafuta kila "na" katika makala, lakini. "Maji yalichanganywa na mkaa" ni sahihi kabisa, kwa kuwa hapo "na" ina maana ya "pamoja na".

Mkaa wenyewe una hali ya pekee, na hapa ndipo ninapokuomba utulie. "Floridi iliondolewa kwa mkaa" inamweka mtafiti nyuma ya kazi: alikuwa na mkaa, akautumia. "Floridi iliondolewa na mkaa" inaupa mkaa kazi hiyo, na kikemia si kosa, kwa sababu floridi hukamatwa kwenye uso wa mkaa na ioni zake, yaani chembe zenye chaji ya umeme, hubadilishana nafasi na ioni za hidroksidi zilizomo kwenye madini ya mfupa. Sentensi zote mbili ni za Kiswahili safi, ila hazisemi jambo moja. Ningetumia "kwa" unapoeleza mbinu, na "na" unapojadili kilichosababisha matokeo.

Kisichokubalika ni "ilipunguka na mkaa". Kauli ya kutendeka haimpokei mtenda. Hatusemi "kikombe kilivunjika na Juma"; kilivunjika, basi, au kilivunjwa na Juma. Andika "floridi ilipungua", au "ilipunguzwa kwa mkaa".

Sasa ubishi wa wasimamizi wako. Nadhani wote wawili wanaangalia Kiingereza, ambako mvutano ni kati ya kutenda na kutendwa tu. Kitenzi cha Kiswahili kina milango zaidi. Chukua mifupa yako. Ukiandika "mifupa ilichomwa", msomaji anajua kuna mtu aliyeiweka kwenye tanuri kwa makusudi na kwa joto alilolichagua. Ukiandika "mifupa iliungua", anaelewa kwamba moto ulizidi. Katika utafiti huu tofauti hiyo ni kubwa, kwa maana mfupa uliochomwa kupita kiasi hupoteza uwezo wake wa kukamata floridi. Mhakiki akisoma "iliungua" ana haki ya kutilia shaka mkaa wako wote. Ndivyo ilivyo pia kwa "mchanganyiko ulichemka" na "ulichemshwa", "chumvi iliyeyuka" na "iliyeyushwa", "unga ulikauka" na "ulikaushwa". Kila mara jiulize: ni mkono wa mtu, au kitu kilijiendea chenyewe? Jibu la swali hilo ndilo linalochagua kitenzi, na mtu mwingine atakayetaka kurudia jaribio lako maabarani atalitegemea.

Kuhusu "tulichukua", mimi namuunga mkono msimamizi wa pili kwa yale mliyoyaamua: "tulichagua visima", "tulilinganisha". Kazi za maabara zikae katika kutendwa, kwani hapo anayeshika chupa hana umuhimu. Unalopaswa kuliepuka kabisa ni kujiita "mtafiti" katika makala yako mwenyewe. Ukifika kwenye aya inayotaja tafiti za wengine, msomaji hatajua ni mtafiti yupi aliyepima nini. Angalia pia makala zilizokwisha kuchapwa na jarida hilo; kama halitumii "tu-" popote, fuata desturi yake.

Kosa linalonitia wasiwasi kuliko yote hukuliuliza. "Ilipungua kwa miligramu 1.5 kwa lita" maana yake ni kwamba kiasi hicho ndicho kilichotoka. Tuseme maji yalikuwa na miligramu 8: yamebaki na 6.5, na hayo hayafai kupewa mtoto kila siku. "Ilipungua hadi miligramu 1.5" maana yake ni kwamba hicho ndicho kilichobaki, na hicho ndicho kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Bila shaka ulikusudia "hadi". Tafadhali pitia kila tarakimu kwenye ikisiri na uhakikishe "kwa" na "hadi" zimekaa mahali pake.

Angalia na nyakati. "Mkaa uliondoa" ni taarifa ya majaribio yako. "Mkaa huondoa" ni kauli kwamba ndivyo ilivyo siku zote, kwa maji yoyote, na sidhani data zako zinafika huko. "Hu-" ihifadhi kwa yale yanayojulikana tayari. Vivyo hivyo usimalizie kwa kusema maji "yananyweka" ikiwa ulipima floridi peke yake, vijidudu hukuvigusa.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Sampuli zilichujwa kwa karatasi ya kuchujia, kisha floridi ikapimwa kwa elektrodi. Baada ya maji kupitishwa kwenye mkaa wa mifupa, floridi ilipungua hadi miligramu 1.5 kwa lita."

Vipimo: ndani ya sentensi andika kwa maneno, kipimo kikitangulia tarakimu kama nilivyofanya hapo juu. Kwenye majedwali na michoro weka alama za kimataifa kama zilivyo, mg/L, wala usizibadili. Alama ya floridi nayo ibaki F⁻, na ile hasi yake usiiache, kwa kuwa F peke yake ni alama ya elementi ya florini.