Fulu wa Kanyaboli, tuwarudishe Dunga?

SWALI: Mhariri, habari yako. Juzi nilikuwa matanga Siaya, nikapitia Ziwa Kanyaboli nikakuta watoto wanavua visamaki vya kuenea kiganjani, dume mmoja alikuwa mweusi, ubavuni kijani na nyekundu, anapendeza kweli. Mjomba akasema ni fulu, ati zamani walijaa hata huku Kisumu. Waliisha aje? Na tukibeba wachache na ndoo tuwaachilie Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, si watazaana?
– Msomaji, Nyalenda

JIBU: Ndugu, mjomba wako amesema kweli. Fulu si samaki mmoja, ni aina zaidi ya 500 za Ziwa Victoria na maziwa jirani, na wengi wao huwapati kwingine duniani. Mbuta, yaani sangara, yule samaki mkubwa anayekula samaki wenzake, aliletwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, akatulia weee, halafu miaka ya 80 akaongezeka ghafla na chakula chake kikawa ni fulu. Sasa fulu mama anabeba mayai mdomoni mpaka vitoto viweze kuogelea, kwa hivyo anazaa wachache, na mbuta anataga mamilioni, hapo unaona mwenyewe nani atashinda. Tena jike huchagua dume kwa rangi, maji yakijaa tope la mashamba na uchafu wa mji hamwoni vizuri, anajamiiana na dume wa aina nyingine na aina zinachanganyika hadi zinapotea.

Kanyaboli ni kaziwa ka kama kilomita 10 tu za mraba, kilichowaokoa fulu ni mafunjo ya kinamasi cha Yala kinachokizunguka. Ndani ya yale mafunjo oksijeni ni kidogo sana, mbuta hawezi kukaa, fulu anavumilia. Hata ngege, tilapia wa asili wa huku, ambaye ziwa kubwa karibu amekwisha kabisa, bado yuko huko! Ndio maana nikisikia watu wanaongea juu ya kukausha kinamasi walime naumia sana.

Kwa hivyo hiyo ndoo tafadhali iache. Dunga utakuwa unamlisha mbuta tu. Na pia msitoe nyamami, yaani tilapia wa Naili, kwa madimbwi ya kufugia mkamwage Kanyaboli, huyo anazaa na ngege na watoto wanatoka machotara, tutapoteza ngege bila hata mbuta kufika. Mjomba akiwa na shamba kando ya maji, mwambie akate mafunjo ya mikeka kama kawaida, yatamea tena, lakini asichome na asilime mpaka ukingoni.